Soma Mpaka Injini Ipoe

Byadunia mwanangu,

Usifungue radiateri. Najua kitambaa kiko tayari mkononi. Kirudishe kiunoni, kaa kwenye kivuli cha lori, usome.

Kama mambo yamekwenda tulivyopanga, sasa mko chini ya mlima wa Ngomo, pale kijito kinapokata barabara. Umesimama kuongeza maji kabla ya kupanda, umeshusha bidoni, dumu letu la maji, ukakuta mdomo wake umezungushiwa kipande cha mpira wa gurudumu, na ndani yake karatasi hizi. Nilikuambia tutakutana hapo. Nilikuambia nitapandia Kiliba, na kama hunioni Kiliba usisimame, ujue nimetangulia na gari la miwa. Uliniuliza mara moja kama ni kweli, halafu ukasema, "Sawa, baba." Asante kwa kutouliza tena, maana ungeuliza mara ya pili ningeshindwa.

Sikutangulia. Niko Kalundu, na sitakuja.

Unajua kila asubuhi lazima nionekane gereji kabla jua halijatoka upande wa Burundi. Wapiganaji walioshika mji wakinikosa watakuja kwetu uani. Watakuta lori ambalo nimewaapia miezi minne kwamba limekufa haliko tena, na kamanda wao atazungumza kwa radio na kizuizi cha Sange kabla nyinyi hamjafika hata Kiliba. Ile karatasi yenye muhuri, ya kwenda kuchukua mihogo Lubarika, waliniandikia kwa ajili ya lori lao jingine. Inafaa mradi tu hakuna anayekuja kuniuliza habari zake. Kwa hiyo kesho, siku mtakayoondoka, nitalala chini ya mashine ya boti yao, mikono imejaa grisi, nikilalamika kwa sauti kuhusu spana walizopoteza, kama kila siku. Watanisikia asubuhi nzima. Asubuhi nzima inawatosha nyinyi kupita vizuizi vyote.

Nilifikiri nikuandikie kwamba kuna mvuvi atakayenivusha kwa mtumbwi kabla hawajagundua. Sentensi niliianza, nikaikata. Ndiyo ile iliyochafuka hapo pembeni. Hakuna mvuvi. Nilimuuliza mmoja tu ninayemwamini, akawatazama watoto wake waliokuwa wanaanika samaki wa ndagala, nami sikumlazimisha.

Mama yako yuko juu ya magunia anakutazama ukisoma. Soma kwanza mpaka mwisho. Halafu akikuuliza ni nini, mwambie kweli. Atakugombeza wewe badala yangu, mvumilie. Nimechoka na uongo nyumbani mwangu, na utaona kwa nini.

Nimeandika ndefu makusudi. Injini ile inataka nusu saa kamili ya kupoa, na wewe hujawahi kuipa hata dakika kumi. Umerithi mikono yangu, na hiyo ni sawa; lakini umerithi na haraka yangu, nayo ndiyo inayonifanya nishindwe kula leo. Sasa ni mchana, umekwenda Kasenga kumchukua dada yako Riziki na kichanga chake, na mimi nimekaa kwenye ubao wa mlango wa lori, daftari lako la shule juu ya goti.

Yale ya njiani sitayarudia. Gia ya pili mpaka juu, kitambaa cheupe mkiona askari wa serikali, Riziki akae mbele na mtoto: yote nimesema mpaka umechoka. Nataka kukuambia yale ambayo sijawahi kukuambia, kuhusu lori hili na maji yake, na kuhusu baba yako mdogo Kiza. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kuyasema. Imebaki hii.

Watu wa Kalundu wanadhani nilijifunza ufundi kwa mzungu wa kampuni ya pamba. Nilijifunza kuosha. Miaka kumi na moja niliosha vyuma kwa petroli, nikavipanga juu ya gunia, na yeye akavirudisha ndani ya injini huku amenigeuzia mgongo. Nikisogea nitazame, alinituma maji. Halafu uhuru ukaja. Wiki chache baadaye mzungu alipakia sanduku zake melini, akaniwekea funguo za gereji mkononi, na wabeba mizigo waliokuwa bandarini wakapiga kelele: "Sasa tuko na mekanisie wetu!" Wakaninyanyua juujuu kutoka bandarini mpaka kanisani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulikuwa mbele yao unapiga debe.

Siku ile ningesema: jamani, sijui. Ningemwambia hata Kiza peke yake, angecheka mpaka akae chini, na tungeanza kujifunza pamoja. Sikusema. Ningesemaje, nikiwa juu ya mabega ya watu? Tangu hapo nikawa nafungua injini Jumapili, saa ambazo watu wote wako kanisani, ili mtu asione ninavyobahatisha. Mama yako alidhani nimeacha kusali. Nilikuwa nasali kuliko wote, ila kwa injini iliyofunguliwa mbele yangu na boliti tatu zilizobaki bila kujulikana zilikotoka.

Lori hili tulilikuta limeachwa nyuma ya gereji, mimi na Kiza, nusu ya vyuma vyake vimeliwa na kutu. Tulilifufua. Hiyo ilikuwa kazi ya kweli na sitaidharau. Mimi niliendesha, Kiza akawa konvwayeri wangu, utingo, akikaa juu ya mizigo na kuruka chini kuweka kigingi nyuma ya gurudumu kila tukisimama kwenye mteremko. Tulibeba mchele wa bonde la Ruzizi, tulibeba samaki, tulibeba maharusi. Nilikuwa na furaha siku hizo, na nataka ulijue hilo pia.

Halafu lori likaanza kupoteza maji. Tunaondoka limejaa, tukifika Luvungi radiateri iko nusu. Nilitazama chini kila asubuhi, mchanga mkavu. Nilishika mipira yote ya maji, mikavu. Pampu, kavu. Nilichomoa kijiti cha oili nione kama maji yameingia humo, maana yakiingia oili inafanana na kahawa ya maziwa; oili ilikuwa nyeusi kama kawaida. Nilitazama moshi wa nyuma kama ni mweupe, haukuwa mweupe. Hapo ujuzi wangu wote ukaisha. Maji yalikuwa yanatoka, na hayatoki popote.

"Yaya," Kiza akaniuliza, hivyo ndivyo alivyoniita maana mimi ni mkubwa wake, "haya maji inaendaka wapi?"

"Jua linayakausha," nikamwambia.

"Jua ya Kalundu inakunywa bidoni muzima?"

Nikamwambia afunge mdomo, mimi ndiye fundi. Akafunga, akacheka kidogo, akaenda ziwani kuchota bidoni nyingine. Ilikuwa kazi yake kila siku kuchota, na kila siku alinitazama namna ile ile, akinipa nafasi ya kusema. Sikuitumia.

Kitu kimoja Kiza alikuwa nacho ambacho mimi sikuwa nacho ni subira ya kifuniko. Injini ikichemka, hakugusa kitu. Alisubiri, halafu aliweka kiganja juu ya radiateri na kuanza kutaja majina ya watu wote waliolala nyumbani kwetu siku hiyo, mmoja mmoja, polepole: mama yetu, mimi, mama yako, Riziki, wewe, wageni kama wapo. Mkono ukiungua kabla hajafika mwisho, aliutoa, akarudi kukaa. Ukivumilia mpaka jina la mwisho, alifungua. Nilimtania sana kwa hilo. Nilimwambia siku tukipata wageni kumi tutafika Bukavu kesho yake.

Sasa nakuambia habari ya safari ile. Uasi ulikuwa bado unasikika kwa mbali tu, huko milimani, na watu walikuwa wameanza kupeleka familia zao Bukavu. Walijaa uani kwetu na magodoro na kuku. Kulikuwa na mwalimu mmoja mzee, mkewe mgonjwa, akaniuliza mbele ya wote:

"Baba Riziki, hii kamyo iko muzima kweli? Miye nasikiaka inachemukaka."

"Iko muzima, mwalimu," nikamjibu. "Panda."

Kiza alikuwa anafunga kamba. Mikono yake ikasimama. Halafu akaendelea kufunga.

Nilijua haikuwa nzima. Asubuhi ile, kabla hawajafika, nilikuwa nimetia unga. Ule ujanja wetu wa huku ziwani unaujua: unatia viganja viwili vya unga wa muhogo ndani ya radiateri, maji yakichemka unga unageuka uji, uji unalitafuta tundu na kuliziba. Kwa tundu dogo la radiateri inasaidia siku mbili tatu, nimeona kwa macho. Lakini mimi sikujua hata tundu liko wapi. Nilitia viganja vitano, mtu anayeogopa hapimi.

Bonde lote tulikwenda vizuri. Niliimba, mwanangu. Tulipita hapo ulipokaa bila kusimama, sikutaka watu waone ninaongeza maji. Kona ya tatu ya Ngomo injini ikachemka. Uji ulikuwa umeganda ndani ya vile vijibomba vyembamba vya radiateri, umekuwa bugali, na maji hayakuwa na njia. Moshi ukajaa, watoto wakaanza kulia, mwalimu akaniita. Nikaruka chini. Kiza alikuwa tayari mbele ya lori, amenyoosha mkono kunizuia.

"Yaya, ngoja. Weka mukono kwanza."

Nikamsukuma, nikafungua kifuniko.

Jicho langu la kushoto liliishia pale. Niliwaambia nyinyi ilikuwa bahati mbaya, kifuniko kilifyatuka chenyewe. Hakikufyatuka. Nilikifungua mimi, kwa aibu na hasira. Na sikukoma hapo. Huku uso unaungua nilichukua bidoni ya mwisho, maji baridi, nikaimimina yote kwa mara moja ndani ya injini iliyokuwa inawaka. Nikasikia "tak" ndani ya chuma. Kichwa cha injini kilipasuka palepale, na maji yakaisha.

Hatukuwa na tone. Kiza akaokota bidoni. Alisema atarudi chini kwenye kijito, kona tatu tu, ni karibu. Mimi nilikuwa nimekaa barabarani na kitambaa usoni, na nikamwambia, "Nenda basi." Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu. Baadaye tukasikia risasi mbili. Mpaka leo sijui waliopiga walikuwa upande gani. Siku zile kila mwenye bunduki aliogopa, na mtu anayekimbia na bidoni walidhani amebeba petroli ya kuchomea nyumba.

Ulijua Kiza alipigwa risasi Ngomo. Hukujua kwa nini alikuwa chini wakati lori lilikuwa juu. Sasa unajua. Angalia ng'ambo ya kijito, upande wa kushoto, utaona mawe yamepangwa. Tulimzika sisi wenyewe, mimi na wanaume watatu wa safari ile. Bidoni uliyoishusha ni hiyo hiyo; pitisha kidole ubavuni utagusa kiraka cha risasi nilichokiziba. Mama yako hajui kuwa ni mahali hapo. Mwache anawe uso kwanza, halafu umpeleke.

Abiria walikwenda Bukavu kwa miguu. Mwalimu alimbeba mkewe mgongoni na hakunitazama. Mimi nililiachia lori lirudi chini mpaka Kamanyola, injini imezimwa, peke yangu, na jicho moja; kutoka hapo likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani.

Kilichofuata umekiona mwenyewe. Wapiganaji waliingia Uvira, vijana wanaonyunyiziwa dawa ili risasi ziwe maji, na jambo la kwanza wakauliza malori. Kamanda akaja uani. Nikamwonyesha kile kichwa cha injini kilichopasuka, nikakiweka kwenye jua akione. "Kamyo ilikufa, shefu. Hii njo moyo yake, angalia." Akapitisha ukucha kwenye ufa, akaniamini, akanichukua mimi badala ya lori. Kwa watu wangu nilisema zima wakati ni bovu. Kwa yule nilisema bovu hata baada ya mimi na wewe kuleta kichwa kingine kutoka lori jingine bovu lililobaki nyuma ya gereji, ndani ya gunia la ndagala, mabega yetu yakinuka wiki nzima. Uongo wa pili haunilazi macho. Ule wa kwanza unaniamsha kila siku.

Lakini kichwa kipya hakikuponya. Unakumbuka tulivyoliwasha kimyakimya mchana wa mvua ile, ngurumo zikitusitiri, na baada ya saa moja maji yamepungua tena. Ulipiga teke gurudumu ukaingia ndani. Mimi nilibaki nimekaa chini, nikafahamu jambo moja: tundu halikuwa kwenye kichwa, halikuwa kwenye radiateri. Lilikuwa mahali pengine tangu mwanzo, tangu Kiza aliponiuliza maji yanaenda wapi. Ningelitafuta siku ile, Kiza angekuwa hai.

Na hapo mama yako akatoka jikoni na kahawa. Nikamwambia, "Mama Riziki, sijui." Ndivyo hivyo tu. Miaka yote hii, ndiyo mara ya kwanza kulitoa neno hilo mdomoni mbele ya injini. Hakushangaa. Akaweka kikombe chini, akafunga kitenge, akaingia chini ya lori na mimi, akitazama polepole kama anachambua mchele. Halafu akaita:

"Baba Riziki, huku nyuma kuko chumvi."

"Chumvi gani?"

"Kama ya mu sufuria. Ya maji ya ziwa. Weye unatafutaka mahali pa majimaji. Maji ikishakauka inaachaka nini? Inaachaka hii."

Alikuwa amekuta mstari mweupe, mwembamba kama uzi, unashuka ubavuni mwa injini, upande wa nyuma ambako mtu haoni mpaka alaze shavu mchangani. Juu yake kuna kizibo, duara la bati lililogongewa ndani ya tundu la chuma. Nimeosha vizibo kama hivyo miaka kumi na moja bila kuuliza kazi yake. Kutu ilikuwa imekitoboa kidogo sana. Injini ikiwa baridi, hakitoi kitu. Injini ikipata moto na kusukuma, kinatema matone, na matone yanaangukia bomba la moshi lililo chini yake, yanakauka kabla ya kufika ardhini. Ndiyo maana mchanga haukulowa hata siku moja. Na ni maji ya ziwa aliyokuwa anachota Kiza yaliyoacha alama ile nyeupe. Nililia chini ya lori, mwanangu. Mama yako alinishika mguu, maana ndio aliokuwa anaufikia.

Lile jiko lake la mafuta ya taa ambalo unauliza lilikwenda wapi, alilileta mwenyewe. Nilikata duara kwenye tangi lake la shaba, nikalipinda kidogo katikati, nikalipaka rangi nyekundu pembeni ili lisivuje, nikaligonga mpaka likakaa. Radiateri tukaifua kwa maji ya moto na majivu mpaka ikaacha kutema vipande vya ule uji. Tangu juzi nimeliwasha mara nne na maji hayajashuka hata upana wa ukucha. Lakini uani hakuna mlima. Kizibo changu hakijawahi kupanda Ngomo, na hilo sikufichi. Ndani ya soksi yangu ya kijivu, chini ya kiti chako, kuna vizibo viwili vya mti nimevichonga kwa kipimo. Ukiona mshale wa joto unapanda ghafla, simama, zima, ingia chini na nyundo baada ya kupoa. Usimwambie mtu wa lori kwamba liko zima ikiwa huna hakika. Waambie lina kizibo cha jiko, na kwamba kila mmoja asikilize pamoja nawe.

Ninaogopa. Nilitaka usidhani baba yako ni shujaa, maana watu wa Kalundu wana tabia ya kuninyanyua mabegani. Mara mbili leo nimekaa nyuma ya usukani nikajiambia niwapeleke mwenyewe, lolote litokee. Kisha nawaza Sange, radio, na Riziki na kichanga cha wiki tatu mbele ya watu wenye bunduki. Nikashuka. Mara hii nimefikiri kabla ya kufungua kifuniko, labda ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu.

Huko Bukavu utatafuta kazi gereji. Watakuuliza unajua nini. Waambie unajua kubadilisha kichwa cha injini na kutafuta mstari mweupe, na kwamba mengine hujui bado. Wakicheka, wacheke. Ukimpata anayekugeuzia mgongo wakati wa kufunga injini, hama kwake.

Kichanga cha Riziki bado hakijapewa jina. Wasikipe haraka jina langu. Wasubiri mpaka mjue kwa hakika, maana ninaweza kuwa nimetokea mahali na nikawagombeza wote.

Nasikia sauti yako barabarani, unamcheka dada yako kwa wingi wa mabunda. Lazima niifunge hii kabla hujaingia uani.

Inatosha. Sasa simama, uweke kiganja juu ya radiateri, uanze kutaja. Anza na Kiza, mbele ya mawe yake. Halafu mama yako. Riziki. Mume wake, yule wapiganaji waliyemchukua. Kichanga, useme tu "mtoto". Jina lako mwenyewe. Mwisho utaje langu. Najua kwetu mtoto hatamki jina la baba yake; leo nimekuruhusu. Litamke taratibu, lote, na kama ukifika mwisho wake mkono bado uko pale pale, fungua.

Baba yako,
Kashindi